Biashara ya Kimataifa: hii shahada ilitungwa kwa ajili ya nani?

Najua nimeadimika kama maji ya bomba huku hosteli, ila muhula huu umetukaba koo. Leo nina historia, tena ndefu kidogo, kwa hiyo mwenye chai yake aivute karibu.

Nikisema nyumbani kwamba nasoma shahada ya Biashara ya Kimataifa, wazee huitikia, "Ahaa, basi utakuwa balozi." Nawaachia hivyo hivyo, heshima inapanda. Mgumu ni binamu yangu mwenye duka Kariakoo. Yeye huenda Guangzhou, anachagua mzigo, anajaza kontena, anarudi. Aliniuliza, "Mdogo wangu, nyie huko mnafundishwa nini ambacho sisi hatukifanyi?"

Swali lake halijibiki bila historia. Watu wa pwani hii wamefanya biashara na Bara Hindi na Uarabuni kwa zaidi ya miaka elfu, na hakuna aliyeona haja ya kumpa mwenzake cheti. Shahada imekuja juzi tu. Maana yake kuna watu fulani, mahali fulani, walioamua kwamba biashara ya nje sasa ifundishwe darasani. Akina nani, na walitaka nini? Desa letu la wiki ya kwanza linamaliza jambo hili kwa mstari mmoja: somo lilianza Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Jamani! Hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo inayotuhusu sisi.

Tuanzie Ulaya. Antwerp, bandari kubwa ya Ubelgiji, walifungua chuo cha juu cha biashara mwaka 1852. Vienna hawakuzunguka: mwaka 1898 walifungua chuo wakakiita Exportakademie, yaani chuo cha kuuza bidhaa nje, na mwaka 1919 kikapandishwa hadhi na kuitwa Chuo Kikuu cha Biashara ya Dunia. Viwanda vya Ulaya miaka ile vilitafuta wateja mbali na nyumbani, na mteja wa mbali hafuatwi kwa barua peke yake. Alitakiwa kijana wa kutumwa, anayejua mahesabu, sheria ya meli, na lugha ya huko anakokwenda.

Na hapo kwenye lugha, msishangae, ndipo tunapojikuta sisi. Mwaka 1887 ilifunguliwa Berlin Seminari ya Lugha za Mashariki. Kiswahili kilikuwamo tangu mwanzo, kimekaa benchi moja na Kichina, Kijapani, Kiarabu, Kiajemi na Kituruki. Wanafunzi wake walikuwa maafisa wa serikali, wanajeshi, wamisionari na wafanyabiashara. Mwaka 1908 Hamburg nao wakafungua Kolonialinstitut, taasisi ya mambo ya makoloni, ambayo mwaka 1919 iliingizwa kwenye Chuo Kikuu kipya cha Hamburg. Huko nako Kiswahili kilifundishwa.

Kwa nini Hamburg? Kwa sababu Hamburg ilikuwa imeshaonja. Kampuni za O'Swald na Hansing za mji ule zilikuwa na biashara Unguja tangu katikati ya karne ya 19, kabla Ujerumani haijawa na koloni hata moja. Hawa O'Swald wana kisa kinachostahili semina nzima. Waligundua kwamba kauri, hizi hizi tunazookota ufukweni na kuchezea bao, Afrika Magharibi ni pesa. Basi wakawa wanapakia kauri pwani yetu, wanazishusha upande wa Lagos na Ouidah, wananunua mafuta ya mawese, wanapeleka Ulaya. Sisi tunaona takataka za baharini, mwenzetu anaona noti! Ziliingia kwa wingi mpaka thamani ya kauri kule ikaporomoka. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ikatia saini mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar. Sasa mji wenye historia hiyo ukifungua taasisi ya kufundisha mambo ya makoloni, unafahamu vizuri inafundisha nini.

Nani aliwafundisha Kiswahili? Berlin walikuwa wanachukua walimu kutoka huku kwetu. Mmojawapo ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, ambaye jina lake mmelikuta kama mmesoma Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka mwaka 1903 chini ya uhariri wa mwalimu wa Kijerumani, Carl Velten. Mtoro alioa Mjerumani. Alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kuishi Dar es Salaam, wakarudishwa Ujerumani. Akafia Berlin mwaka 1927. Huwa namfikiria sana huyu mzee. Kwenye kozi za kwanza za kuandaa watu wa biashara ya nje, sisi hatukukosekana. Tulikuwapo kama somo, na mmoja wetu alikuwapo kama mwalimu, lakini kiti cha mwanafunzi hakikuwa chetu.

Haya, sasa Marekani, ile nusu iliyoko kwenye desa. Mwaka 1946 jenerali mmoja mstaafu, Barton Kyle Yount, ambaye wakati wa vita alisimamia mafunzo ya marubani, alichukua uwanja wa ndege za mafunzo uliobaki bure jangwani Arizona. Uwanja uliitwa Thunderbird Field. Inasimuliwa kwamba serikali iliutoa kwa dola 1, kwa sharti utumike kwa elimu. Pale pale kwenye mabweni ya marubani akaanzisha American Institute for Foreign Trade, chuo cha mambo ya biashara ya nje tu. Mtaala ulikuwa na miguu mitatu: biashara yenyewe, lugha za kigeni, na masomo ya maeneo, hasa Amerika ya Kusini. Wengi wa wanafunzi wa mwanzo walikuwa askari waliotoka vitani, wamesomeshwa kwa fedha za serikali. (Bumu la kijeshi, kwa lugha yetu.) Leo chuo hicho kiko chini ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona.

Uangalieni mtaala ule kisha mkumbuke Hamburg. Biashara, lugha, na habari za watu wa huko. Bendera imebadilika, bahari imebadilika, ila kijana anayeandaliwa ni yule yule, wa kutumwa kutoka makao makuu. Mwaka 1959 walimu wa somo hili Marekani wakaunda chama chao, ambacho leo kinaitwa Academy of International Business, na mwaka 1970 jarida lao likaanza kutoka. Somo likawa na wenyewe.

Lakini halikuwa na nadharia. Lilikuwa mkusanyiko wa mbinu: jinsi ya kujaza fomu za forodha, jinsi ya kulipwa kwa fedha za kigeni, usimpe mkono wa kushoto mtu wa mahali fulani. Nadharia ililetwa na kijana mmoja wa Kanada ambaye kwenye desa letu amepewa slaidi moja. Stephen Hymer, kazaliwa Montreal mwaka 1934, akamaliza tasnifu yake ya udaktari MIT mwaka 1960. Kabla yake wachumi walieleza uwekezaji wa nje kama maji yanayoteremka: mtaji unatoka kwenye riba ndogo kwenda kwenye riba kubwa, basi. Hymer akatazama takwimu za kampuni za Marekani na kuona maji hayateremki hivyo. Kampuni inakwenda nje kisha inakopa huko huko. Nchi mbili zinawekezeana kwa wakati mmoja. Na wanaokwenda nje ni wa sekta zile zile chache, popote wanapokwenda.

Akauliza swali ambalo mtoto wa Kariakoo angeuliza: mgeni anawezaje kumshinda mwenyeji? Mwenyeji anajua lugha, sheria, nani wa kusalimiwa ofisi gani, na serikali inampendelea. Mgeni anaanza na hasara. Hymer akajibu kwamba mgeni huyo lazima ana kitu cha pekee ambacho mwenyeji hana, iwe teknolojia, jina, au njia ya kupata mtaji, na anataka kukishika mwenyewe badala ya kukiuza. Au anakwenda kwa sababu nyingine: kuna mshindani kule, na ni afadhali wakashikana mikono kuliko kuumizana bei. Ni hayo tu. Msimamizi wake, Charles Kindleberger, alitaka tasnifu ichapishwe, ikakataliwa kwa kuonekana rahisi mno. Ilikuja kuchapishwa mwaka 1976, miaka kumi na sita baadaye, na mwenyewe alishakufa kwa ajali ya gari mwaka 1974. Hajafikisha hata miaka arobaini.

Nimejaribu kuipima hoja yake kwa kisa cha Unguja, maana mifano ya vitabuni yote ni ya kutengeneza magari. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani: ushuru asilimia 5 kwa mzigo ulioshushwa. Mwaka 1837 akaja Unguja Richard Waters wa Salem, Massachusetts, kama konseli wa kwanza wa Marekani pale. Konseli huyo huyo alikuwa mfanyabiashara. Kofia mbili, kichwa kimoja. Kwa hesabu za kawaida angemezwa na matajiri wa Kihindi waliokuwa wakiijua Unguja kama kiganja chao. Hakumezwa. Kitu chake cha pekee kilikuwa nguo. Zile pamba nzito zisizopakwa rangi za viwanda vya Massachusetts zilipendwa na watu wa bara kuliko za mtu mwingine, mpaka zikaitwa marikani, na mpaka leo bibi zetu wakisema marikani wanajua wanamaanisha kitambaa gani. Marikani zilikwenda bara, pembe za ndovu na sandarusi zikaenda Marekani, pembe zikawa vitufe vya piano huko Connecticut.

Na ile sababu ya pili ya Hymer? Ipo. Ushuru wa forodha Unguja ulikuwa umekodishwa kwa Jairam Shivji, tajiri wa Kikachi. Waters na Jairam wakaelewana. Mzigo wa Mmarekani ukapita mikononi mwa Jairam, na wafanyabiashara wengine waliotaka kununua au kuuza wakajikuta milango ni mizito. Walalamikaji hawakukosekana. Hapo mgeni hakumshinda mwenyeji. Walishikana mikono, na gharama za kushikana mikono zikalipwa na wengine. (Waters alikuwa mcha Mungu anayeuchukia utumwa, mnisikilize vizuri, huku pamba ya marikani yake nyingi ikilimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Sina la kuongeza.)

Mtaniambia Waters hakuwa na kiwanda Unguja, kwa hiyo huo siyo uwekezaji wa moja kwa moja. Sawa, nakubali, kwenye mtihani msiandike hivyo. Lakini hoja inasimama, tena hata mwisho wake unasimama. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, ilikausha marikani, nguo za Uingereza na Bombay zikaingia, na watu wa Salem hawakurudi tena kwenye kiti chao. Kitu cha pekee kikiondoka, mgeni anabaki mgeni. Na tusisahau kwamba kulikuwa na safari ya upande wa pili pia: mwaka 1840 Sayyid Said alituma meli yake Sultana mpaka New York, chini ya Ahmad bin Naaman, na pembe, karafuu, kahawa na tende. Ikarudi na bidhaa za kule, marikani ikiwemo.

Sasa kile kinachoniuma. Hymer hakuishia 1960. Miaka ya mwanzo ya sitini aliishi Ghana, akaandika kuhusu uchumi wa kule, na kidogo kidogo akahamia kwenye Umaksi. Mwaka 1972 ikatoka insha yake kuhusu kampuni za kimataifa na maendeleo yasiyo sawa. Anasema kampuni kubwa ina ngazi tatu. Ya chini ni kazi ya kila siku: kuchimba, kushona, kuuza. Hii itatawanywa dunia nzima, kufuata vibarua, malighafi na wateja. Ya kati ni ya kuratibu wale wa chini. Itakaa kwenye miji mikubwa michache. Ya juu, inayoamua kampuni iende wapi, itakusanyika kwenye miji kama New York, London, Paris na Tokyo. Kwa hiyo ramani ya dunia itafanana na chati ya ofisi. Ukizaliwa kwenye mji wa tawi, unasomea kazi ya tawi.

Nilipofika hapo niliiweka karatasi chini, nikatazama matangazo ya kazi yaliyobandikwa nje ya idara. Afisa mauzo. Msimamizi wa usambazaji. Mratibu wa kanda, na bosi wake yuko Nairobi au Johannesburg.

Cha ajabu ni kwamba wakati Hymer anaandika haya, Dar es Salaam ilikuwa inabishana mambo hayo hayo bila yeye. Februari 1967, siku chache tu baada ya Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha mabenki, na kampuni kubwa za kuagiza na kuuza nje kama Smith Mackenzie na Twentsche Overseas zikaingizwa kwenye Shirika la Biashara la Taifa. Mgeni kaondolewa! Lakini Mlimani pale, kijana wa sheria Issa Shivji mwaka 1970 aliandika insha yake kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya, akaonyesha kwamba mashirika mengi yaliyotaifishwa yamesaini mikataba ya uendeshaji na wageni wale wale. Yaani hisa ni zetu, menejimenti tumekodi. Ziwekeni kwenye ngazi za Hymer: tulichukua umiliki, ngazi ya juu ikabaki ilipokuwa, na ada tukalipa.

Na nani angeshika hiyo menejimenti? Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963 hadi 1970, kiligawa masomo: Dar sheria, Makerere udaktari, Nairobi biashara na uhandisi. Dar kulikuwa na Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, tangu 1965, kikitoa watu wa ngazi ya kati. Kitivo cha biashara na menejimenti pale Mlimani kilianzishwa 1979 tu, miaka kumi na miwili baada ya kutaifisha. Nasema bila kuficha, hilo ndilo kosa lililotugharimu kuliko maneno yote ya ubepari na ujamaa. Tulichukua meli kwanza, manahodha tukaanza kuwasomesha baadaye. Watu wa siasa mnaweza kunipinga, mlango uko wazi.

Waliobaki kwenye mtaala nawapitia haraka kwa sababu mtawakuta kwenye UE. Raymond Vernon wa Harvard, 1966: bidhaa inazaliwa nchi tajiri, ikizeeka inahamia kwenye vibarua rahisi. Mradi wake wa Harvard ulifuatilia kampuni 187 za Marekani. Waswidi wa Uppsala, Johanson na Vahlne, 1977: kampuni inakwenda nje hatua kwa hatua, kwa jirani kwanza, ikijifunza. Hii ndiyo binamu yangu angeielewa bila desa. John Dunning, Mwingereza, alizikusanya hoja zote kwenye kapu moja mwaka 1976, na kapu hilo ndilo tunalikariri kwa herufi tatu. Ndani ya kapu la Dunning, Hymer wa 1960 yumo, kitu chake cha pekee kimepewa herufi ya kwanza. Hymer wa 1972 hayumo. Sidhani kama kuna mtu alikaa kikao kumtoa. Shahada iliyotungwa kuandaa watu wa kutumwa haikuwa na kazi na ngazi zile tatu, kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa ameshasimama ngazi ya juu.

Binamu nimemjibu hivi: wewe una ujuzi wa Uppsala, lakini bei ya ule mzigo inaamuliwa wapi, na nani? Akanyamaza kidogo, akasema Yiwu, na kule nako wanangoja agizo la mtu wa Marekani. Basi tukaanza kuhesabu ngazi pale pale dukani, mpaka wateja wakatukatisha.

Alhamisi kundi letu lina semina ya Vernon. Nimemwomba mhadhiri tuchukue Waters na Jairam badala yake. Hajakataa, ila anataka tulete hesabu za forodha za Unguja, siyo hadithi. Mdau yeyote aliye karibu na Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Zanzibar, anayejua utaratibu wa kuomba kusoma majalada ya zamani, aniandikie tafadhali. Nauli ya boti nitajua nitaipata wapi.